Ngome Kongwe ya Unguja: wapi pa kusimama ili usikie muziki na si kishindo

Swali: Mimi ni fundi cherehani wa Mikindani. Mwezi wa Februari, Mungu akijalia, nitakwenda Unguja pamoja na mama yangu, mtu mzima aliyepita miaka sitini, kuhudhuria tamasha la Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe. Muziki wa bendi niliouzoea ni wa viwanjani hapa Mtwara, ambako spika hufunguliwa hadi kifua kinatetemeka na maneno ya mwimbaji hayashikiki. Nasikia ngome ile ni kuta tupu za mawe. Je, sauti haitavurugika zaidi? Tukae wapi? Na je, ni vyema kumpeleka mama penye kelele kiasi hicho, ilhali anachokitamani yeye ni taarabu tu?

Jibu: Dada yangu wa Mikindani, nianze na hilo linalokutia shaka zaidi. Kuta za Ngome Kongwe hazitawaharibia muziki, ila mahali mtakapochagua kusimama panaweza kuwaharibia. Katika kazi yangu ya kufunga na kuendesha mitambo ya sauti huku kusini na visiwani, nimewaona mara nyingi watu walioingia kwa tiketi ya bei moja, wakatoka mmoja amesikia kila ubeti na mwenzake hana analoweza kulisimulia isipokuwa besi, na kilichowatenganisha kilikuwa hatua chache tu za uwanja. Kwa sababu hiyo jambo la mahali nitalieleza kwa kirefu, na mengine nitayapitia kwa kadiri yanavyohitaji.

Ngome ile ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Katika karne ya 19 ilitumika kama gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa bohari ya reli iliyokuwa ikielekea Bububu. Hakuna hata mmoja katika wote hao aliyeipanga kwa ajili ya udi au gitaa, lakini ina sifa moja inayoifaa sana kazi hii, nayo ni kwamba haina paa. Ukumbi wa zege wenye dari huirudisha sauti kutoka juu, kutoka sakafuni na kutoka pande zote nne, mara nyingi mfululizo, mpaka silabi ya kwanza ya mwimbaji inakuta ya pili bado inazunguka. Katika ua wa ngome, sehemu kubwa ya sauti hupanda angani na hairudi tena. Kinachobaki kukusumbua ni kuta za pembeni na, zaidi ya zote, ukuta wa nyuma unaotazamana na jukwaa.

Kuta zenyewe wewe unazijua kuliko unavyodhani. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, ujenzi ule ule wa nyumba kongwe za Mikindani na wa Gereza la Kilwa Kisiwani. Jiwe la tumbawe lina vitundu na uso wake haulingani, kwa hiyo sauti nyembamba na kali zinapoligonga hutawanyika, hazirudi zimenyooka kama zinavyorudi kutoka kwenye plasta laini ya saruji. Sauti nene za besi hazijali vitundu hivyo hata kidogo, nazo hurudi karibu zote. Jaribu mwenyewe kabla ya safari: nenda kwenye ukuta mmoja mrefu wa nyumba kongwe hapo Mikindani asubuhi pakiwa kimya, usimame mbali nao kiasi cha hatua thelathini, upige kofi moja kali na kusikiliza. Kisha sogea polepole huku ukipiga kofi kila baada ya hatua kadhaa. Utafika mahali ambapo mwangwi hausikiki tena peke yake, umeungana na kofi lenyewe. Ukilielewa jambo hilo hapo ukutani, umekwisha kuelewa sehemu kubwa ya ninayokwenda kuyasema.

Hesabu yake ni hii. Katika joto la pwani yetu sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Ukisimama mita 20 mbele ya ukuta wa nyuma, sauti inakupita, inakwenda mita 20, inagonga na kurudi mita nyingine 20, hivyo inakufikia mara ya pili baada ya muda unaozidi kidogo sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sikio la mwanadamu huunganisha sauti mbili zikifuatana kwa karibu, lakini pengo likizidi takriban sehemu moja ya ishirini ya sekunde huanza kuzitenga. Mwimbaji hutamka kama silabi nne au tano kwa sekunde, maana yake mwangwi huo unaanza katikati ya silabi yenyewe na kufunika mwanzo wa inayofuata, na hapo ndipo maneno yanapopotea hata kama mwimbaji anatamka vizuri na fundi amefanya kazi yake. Ukisimama mita 4 tu kutoka ukutani, pengo linakuwa dogo mno na maneno yanashikika tena, lakini utalipa kwa njia nyingine, kwa sababu besi hujilundika karibu na ukuta na itakukaa kifuani usiku kucha.

Ubaya wa mwangwi pia hutegemea nguvu ya sauti ya kwanza. Kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka mara mbili katika eneo la wazi, kiwango hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Aliye karibu na spika hupata sauti ya moja kwa moja yenye nguvu, na mwangwi unaomfikia umekwisha kuchoka kwa safari ndefu. Aliye katika nusu ya nyuma ya uwanja, na bado hajaufikia ukuta, hupata sauti ya kwanza iliyopungua pamoja na mwangwi ulio bado mbichi. Eneo hilo ndilo baya kuliko yote, na ndilo ambalo watu wanaochelewa hujikuta humo bila kujua, kisha husema kwamba bendi haikuwa nzuri.

Sasa usije ukakimbilia jukwaani ukidhani kwamba karibu kabisa ndiko kwema. Spika kubwa huwekwa kulia na kushoto mwa jukwaa, mara nyingi juu, na zimeelekezwa kwenye kundi la watu. Anayebanana na jukwaa katikati yuko nje ya njia yake. Yeye anasikia ngoma zikipigwa mbele yake, anasikia vikuza sauti vya magita, anasikia pia zile spika ndogo zilizolazwa jukwaani kwa ajili ya wanamuziki wenyewe, na sauti ya mwimbaji ambayo amekuja kuisikia inampita juu ya kichwa. Ni mahali pazuri pa kuona vidole vya mpiga gitaa. Ukitaka maneno, hapafai.

Ushauri wangu, nao sijawahi kuubadili, ni kutafuta meza ya fundi mitambo. Itakuwa katika uwanja, mkabala na jukwaa, imezungushiwa uzio mdogo, na juu yake kuna mikisa, mashine ya kuchanganya sauti za vyombo vyote. Fundi huyo anapandisha na kushusha kila chombo kwa kutegemea anachosikia pale alipo. Yeye hasikii unachosikia wewe ukiwa kwingine. Simama mbele ya meza hiyo hatua chache, au ubavuni mwake, bila kumziba asione jukwaa, nawe utapokea muziki karibu kabisa na jinsi alivyoupanga. Ongeza jambo moja: usisimame juu ya mstari wa katikati kabisa kati ya spika za kulia na za kushoto, kwa sababu katika mstari huo besi za pande zote mbili hufika kwa wakati mmoja na kujumlishana. Sogea kidogo upande mmoja na utaona besi inalegea na sauti ya mwimbaji inatoka.

Mahali kama hapo hapanunuliwi kwa fedha, hupatikana kwa kuwahi. Fikeni mlango unapofunguliwa, wakati jua bado lipo, kabla uwanja haujajaa. Mkipata bahati ya kuwakuta wanamuziki wakijaribu mitambo, msikilize vizuri lakini msikate tamaa kwa mnachosikia, kwa maana uwanja mtupu huwa na mwangwi mkali kuliko uwanja uliojaa. Miili ya watu na nguo zao hunyonya sauti, hasa sauti nyembamba, na saa mbili baadaye ua ule ule utakuwa umetulia. Tamasha huendelea jioni hadi usiku wa manane na bendi hupokezana, hivyo chagueni mapema bendi mnazozitaka hasa na zile mnazoweza kuziacha ili mkapumzike na kula pale Forodhani, ambako ni mbele tu ya ngome.

Kuhusu safari yenyewe sina mengi. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni safari ya kutwa kwa basi, na boti ya mwendo kasi hadi Unguja huchukua kama saa mbili. Msivuke siku ile ile ya muziki mliyoipania. Masikio yaliyochoshwa na mngurumo wa basi na wa boti hayasikii vizuri, na mama atakuwa amechoka kabla udi haujafungwa nyuzi. Bebeni vitambulisho vyenu. Kutoka bandarini Malindi hadi ngomeni ni mwendo mfupi wa miguu kando ya bahari, na mtapita Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nalitaja kwa sababu ni jirani wa ngome, na kwa sababu mama yako akiwa mpenzi wa taarabu atapenda kuliona. Inasimuliwa kwamba ni Barghash huyo aliyempeleka kijana Cairo kujifunza ganuni, ala ya nyuzi nyingi, na kwa njia hiyo taarabu ikaingia Unguja kupitia kasri lake.

Jambo lingine linalofaa mlijue kabla ya kufika ni kwamba tamasha hili, lililoanza mwaka 2004, limesimamia tangu mwanzo sharti la muziki kupigwa papo hapo, vyombo na sauti, bila mwimbaji kuigiza mdomo juu ya wimbo uliorekodiwa. Mimi naliheshimu sana sharti hilo, ingawa linawaongezea mafundi kazi kubwa. Bendi yenye watu kumi na wawili inahitaji kila ngoma, kila filimbi na kila sauti iwekewe maiki yake au waya wake, na zote zipimwe upya kila bendi inapopanda. Kimya kirefu kati ya bendi na bendi ni cha kazi hiyo. Hapa kwetu kuna vijana ambao hawajawahi kusikia mwimbaji akikosea mstari, akacheka, akaurudia, kwa kuwa kila wanachokisikia jukwaani kimekwisha kurekodiwa. Nakuomba ukipate kitu hicho kwa ukamilifu wake, na simu yako ibaki mkobani kwa sehemu kubwa ya usiku. Maiki ya simu hulemewa na besi ya uwanjani na kurudisha mkwaruzo, na video nzima haitakupa sauti ya ubeti mmoja uliousikia kwa masikio yako.

Hewa ya kisiwani nayo ina neno lake. Wewe umekulia penye sindimba, umewaona wapigaji wakizirudisha motoni ngozi za ngoma zao usiku unapokuwa na unyevu, kwa sababu ngozi iliyonyonya maji hulegea na mlio wake ukashuka. Februari ni msimu wa kaskazi, masika hayajaanza, lakini upepo wa bahari usiku hauachi kulegeza ngozi na kusumbua nyuzi. Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimefungwa tatu tatu, na kila tatu lazima ziimbe sauti moja. Mpigaji akiinama na ufunguo wake dakika nyingi kabla ya wimbo, anawafanyia ninyi heshima. Watu wasimpigie makofi ya kumharakisha.

Hapo nimefika kwa mama yako na taarabu yake. Mpeleke. Nalisema bila kusita, ila kwa mpango tofauti na ule wako wa bendi. Taarabu ya Unguja haikuzaliwa mbele ya spika. Ikhwani Safaa, kundi lililoanzishwa mwaka 1905, lilikuwa ni chama cha watu waliokaa pamoja kupiga na kusikiliza. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba kwa koo lake mbele ya watu waliomzunguka. Na Culture Musical Club ya mwaka 1958 imelea ule ukubwa wa kundi lenye fidla nyingi, akordioni, udi, nai (filimbi), ganuni, na ngoma ndogo za dumbak na rika. Muziki wa namna hiyo una vyombo vingi vinavyozungumza kwa wakati mmoja kwa sauti za wastani, na ndio unaoumia haraka kuliko wote mitambo inapopandishwa kupita kiasi. Fidla huwa kali, nai humezwa, na mwimbaji hulazimika kupiga kelele juu ya mashairi yanayotaka upole.

Kwa hiyo angalieni ratiba ya mwaka wenu kwa makini, mjue kundi la taarabu limepangiwa jukwaa gani. Ndani ya ngome, mbali na ua mkubwa, kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia zilizopanda kama nusu duara. Kama taarabu imepangwa hapo, mmebahatika, kwa maana kila aliyekaa juu anaona na kusikia bila kuzibwa na vichwa vya walio mbele, na umbali ni mdogo. Mtafutieni mama ngazi ya kati, si ya chini kabisa mbele ya spika wala ya juu kabisa ukutani. Jiwe ni gumu na usiku linapoa. Chukueni khanga mbili tatu za kukunja au mto mwembamba. Kama taarabu imepangwa ua mkubwa, tafuteni kwanza mahali anapoweza kukaa, hata ikiwa ni mbali kidogo na meza ya fundi, kwa kuwa mtu mzima aliyesimama saa tatu hasikilizi tena, anavumilia. Na mkiwa na siku ya ziada mjini, ulizieni pia maonyesho madogo ya walimu na wanafunzi wa chuo cha muziki kijulikanacho kama Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002. Chumba kidogo chenye udi mmoja, ganuni na mwimbaji kinaweza kumpa mama kile anachokitamani kuliko jukwaa lolote kubwa.

Mweleze mapema kwamba wimbo unaweza kutanguliwa na bashrafu, muziki wa vyombo pekee, na kwamba sauti ya mwimbaji itakuja kwa wakati wake. Atawaona pia watu wakiinuka kwa madaha kwenda kumtunza mwimbaji. Anaweza kuinuka naye akipenda, lakini achague ubeti wake vizuri, maana katika taarabu anayeinuka kwenye mstari wenye kijembe anaweza kudhaniwa kuwa anamlenga mtu aliyekaa karibu, hata kama yeye ni mgeni kutoka Mikindani asiye na ugomvi na yeyote.

La mwisho ni masikio yenyewe, na hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimewaona mafundi wenzangu wakipoteza uwezo wa kusikia wakiwa bado vijana. Kipimo kinachotumiwa sana kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100 ni robo saa tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha likitaka wastani usizidi desibeli 100, na likapendekeza pia vizibo vya masikio na mahali tulivu pa kupumzikia. Sasa fikiria saa tano za muziki. Nunueni vizibo vya sponji kwenye duka la dawa kabla ya kusafiri. Pamba haitoshi. Kizibo husokotwa kwa vidole hadi kiwe chembamba, sikio likavutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kikaingizwa na kushikiliwa mpaka kijae tundu. Kikining'inia nje nusu, hakifanyi kazi. Vizibo vya sponji hupunguza sauti nyembamba kuliko nene, kwa hiyo muziki utaonekana umefunikwa kidogo, na kwa sababu hiyo napendekeza mama avitoe wakati wa taarabu yenyewe kama kiwango ni cha wastani, na avivae kwa bendi nyingine zote. Kama mkizungumza na mtu aliye hatua moja kutoka kwenu mnalazimika kupaza sauti, kiwango si cha wastani.

Kati ya bendi na bendi tokeni nje ya ua mkapumzishe masikio hata kwa dakika kumi na tano. Mkirudi nyumbani kwa mwenyeji wenu na masikio yakawa yanalia au yameziba, kwa kawaida hali hiyo huondoka baada ya saa kadhaa za utulivu. Usiku unaofuata mkae mbali zaidi na spika. Ikiendelea zaidi ya siku mbili, au ikiwa ni upande mmoja tu, au mama akisema maneno ya watu yamefifia, msisubiri ipoe yenyewe: mpelekeni kwa daktari wa masikio huko huko Unguja, wala msingoje hadi mfike hospitali ya Ligula huko Mtwara, kwa kuwa tatizo la ghafla la kusikia hutibika vizuri zaidi likiwahiwa.